Mbega Mzazi

Jumatatu tarehe 23 Agosti 1982, saa moja kasorobo asubuhi, mzee Ngui alirudi na furushi la majani ya mkuyu begani akakuta komeo la stoo limeng'olewa. Stoo hiyo ilikuwa nyuma ya ukumbi wa mtaa wa Maringo. Ndani palikuwa na masanduku matatu ya mbao, na jana yake jioni yalikuwa manne. Mzee hakupiga kelele. Aliwapa maji wanyama waliobaki, akawagawia majani, ndipo akatembea hadi kituo cha polisi cha Makadara. Wanyama walikuwa na njaa, polisi wangeweza kungoja.

Zamu ilikuwa ya Inspekta Muturi. Wiki tatu kabla ya hapo, baada ya jaribio la mapinduzi, Muturi alikuwa miongoni mwa askari waliotumwa kuokota maiti mabarabarani na kuzifunga vikaratasi vya namba miguuni. Nyingi hazikuwa na majina. Tangu siku hizo moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakuwa na huzuni wala hasira, na chai aliyokunywa ilikuwa na joto tu, haikuwa na ladha. Mkewe alimwambia kwamba hana mume, anaishi na koti. Alikubali kwamba mkewe alisema kweli, akaenda kazini.

"Umeibiwa nini, mzee?" aliuliza.

"Mbega, afande. Mzazi. Na mtoto wake wa jana."

Konstebo aliyekuwa kando ya kaunta alicheka. "Watu wameibiwa maduka mazima mwezi huu, wewe unalilia nyani?"

"Mbega si nyani," Ngui alisema, bila kumtazama.

Muturi alivaa kofia yake. Hakuwa na shauku yoyote ya mbega, ila kesi hii angalau haikuanza na maiti.

Stoo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo la wavu. Wanyama watatu walikaa kimya ndani ya masanduku yao, weusi, wenye manyoya marefu meupe yaliyoshuka kutoka mabegani hadi ubavuni, na mikia yenye kishada cheupe. Komeo lilikuwa limebanduliwa kwa chuma, na misumari yake imeanguka chini. Pembeni palikuwa na rundo la nyasi chafu.

"Hizi ni nini?"

"Malazi ya mzazi. Nilimbadilishia jana jioni nikaweka nyasi safi."

Muturi alichutama, akazipekua kwa kalamu. Ndani ya nyasi palikuwa na nyuzi laini fupi, nyeupe kabisa, zimeshikana. Alidhani ni pamba. Hata hivyo alizitia kwenye bahasha, maana polisi wa kweli huokota hata asichokielewa.

"Haya, nianzie mwanzo," alisema. "Mbega wanafanya nini Maringo?"

Ngui alieleza. Yeye alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Kyamuthei, kilima chenye msitu huko Ukambani. Zamani mbega walinguruma katika msitu huo kila alfajiri. Watu wakawawinda kwa ajili ya ngozi hadi wakaisha, na sasa walikuwepo wazee wachache tu waliokumbuka sauti yao. Watu wa Kyamuthei waliohamia Nairobi walikuwa na chama chao hapa mtaani. Chama kiliposikia kwamba msitu fulani wa nyanda za juu unafyekwa ili ipandwe michai, kikaomba mbega wa huko wasiachwe wafe, wapelekwe Kyamuthei. Wafadhili wakakubali. Dume mmoja na majike watatu wakanaswa, wakaletwa mjini mwishoni mwa Julai walale usiku mmoja tu wasafirishwe. Ndipo yakatokea ya Agosti mosi. Barabara zikafungwa, kafyu ikawekwa, lori likanyimwa kibali.

"Kibali kimetoka wiki iliyopita," Ngui alisema. "Lori linaondoka keshokutwa, Jumatano asubuhi. Sasa mzazi hayuko."

"Si wengine wapo?"

"Wafadhili walisema kundi liende likiwa zima, na liwe linazaa. Likipungua, hawa wanapelekwa bustani za wanyama huko ng'ambo, na habari ya Kyamuthei inaishia hapo. Hakuna mara ya pili, afande. Mimi ni mzee. Nataka niwasikie pale kilimani tena kabla sijaingia kaburini. Sina ombi lingine duniani."

"Na huyo mzazi, aliyemchukua akimweka mahali, atakaa siku ngapi?"

"Anakula majani tu. Akikosa majani na maji siku mbili, maziwa yatakauka."

Muturi aliandika: Jumatano. Kisha akauliza, "Huyo mtoto ulimwona?"

"Nilimsikia akilia tu. Mama alinipa mgongo siku nzima. Daktari wetu wa wanyama, Lydiah, alikuja jana mchana akachungulia kwa tochi, akaniambia nifunike sanduku kwa blanketi na mtu yeyote asifunue. Mzazi akishtuka anaweza kumtupa mtoto. Baadaye daktari akarudi Kabete kabla ya kafyu."

"Nani mwingine alijua kwamba amezaa?"

"Mwenyekiti wetu, Maingi. Nilimpa habari jioni mlangoni pake. Alifurahi sana, lakini hakuja kuona. Nilimwambia haruhusiwi."

"Na sanduku lenyewe liko wapi?"

"Limeenda pamoja naye. Na blanketi pia."

Muturi alijaribu kuinua sanduku moja tupu la akiba lililokuwa nje. Lilikuwa zito, lakini mwanamume mwenye nguvu angeweza kulikumbatia na kutembea nalo kidogo. Mbali asingefika.

Maingi alikaa nyumba ya pili kutoka ukumbini. Alikuwa karani katika ghala moja la Industrial Area, mtu wa miaka arobaini, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya msiba. Siku hiyo hakwenda kazini. Mkewe, Kanyiva, aliwapikia chai kwenye stovu, ikanuka mafuta ya taa. Muturi aliinywa yote. Kwake ilikuwa sawa na nyingine zote.

"Hii ni aibu kwa watu wa nyumbani," Maingi alisema. "Tumehangaika na hawa wanyama miaka miwili. Mimi nilizaliwa Kyamuthei wakiwa wameshaisha. Nimewajua kwa ngozi za wachezaji ngoma, mpaka hawa walipoletwa. Sasa naona hatutawarudisha tena."

"Ulisikia chochote usiku?"

"Usiku hapana. Lakini asubuhi..." Alimtazama Ngui kama mtu anayeomba radhi. "Sikutaka kusema kabla sijawa na hakika. Nilikuwa dirishani napiga mswaki, kafyu ndiyo imeisha tu. Nikamwona Ngigi, yule fundi cherehani wa Muthurwa. Amebeba gunia, anatembea haraka. Nikajiuliza, huyu ametoka wapi mapema hivi? Mara gunia likacheza. Kichwa kikatokea juu. Kile kitoto."

"Ulikiona vizuri?"

"Kama ninavyokuona wewe, afande. Cheusi ti, manyoya meupe yameshuka mabegani, na kimkia chenye kishada cheupe. Mama yake mtupu, ila kadogo."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Afande, mwezi huu nani anamzuia nani?"

Hilo lilikuwa jibu la haki, na Muturi aliliandika kama lilivyo.

Ngigi alipatikana saa tano, kwenye baraza la duka huko Muthurwa, akishona suruali. Zamani alijulikana kwa kazi nyingine. Vikundi vya ngoma vilimpelekea ngozi za mbega, naye akavitengenezea mapambo ya mabega na miguu. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya ngozi miaka minne iliyopita, alirudi kwenye suruali.

"Leo asubuhi ulikuwa Maringo?" Muturi aliuliza.

"Nilikuwa. Kuna ubaya?"

"Ulibeba nini?"

"Majoho ya kwaya. Ya yule mama, Mirriam. Alikuwa ananisumbua tangu Julai, nikaamka na mapema nimpelekee nipumzike. Sasa imekuwa dhambi kushona?"

"Mtu amekuona na mbega ndani ya gunia."

Ngigi aliweka mkasi chini. "Mbega? Mimi niibe mbega nimpeleke wapi? Nimfundishe kushona?"

Watu waliokuwa wakipita walicheka. Lakini chini ya kitanda chake, katika chumba cha nyuma, Muturi alikuta ngozi moja ya mbega imekunjwa ndani ya gazeti. Ilikuwa kavu na ngumu, imeliwa na wadudu ukingoni.

"Hiyo ni ya zamani," Ngigi alisema, sauti sasa imeshuka. "Ya kabla ya marufuku. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Nilishindwa kuitupa."

"Ungeitupa, ungelala kwako leo."

Ngigi alilala korokoroni. Mkewe alikuja kituoni akalia kwa sauti, na Muturi alimsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati la jirani. Alijua kwamba mtu mwema angesikia kitu. Aliandika kwamba mshukiwa angefikishwa kortini Makadara Jumatano asubuhi. Baadaye ndipo alipotambua kwamba ni asubuhi ile ile ya lori.

Jumanne asubuhi alikaa na maelezo ya Maingi mbele yake, akayasoma mara mbili. Kuna jambo lilikuwa linamkera, akaligundua. Maingi alimwona Ngigi na gunia. Ikiwa mbega alikuwa ndani ya gunia, sanduku lilikwenda wapi? Mwizi wa ngozi angempiga mnyama rungu hapo hapo, amtie guniani, aache mbao. Huyu wa Maringo alichukua sanduku lenye uzito wote huo, pamoja na blanketi. Tena hakuweza kwenda nalo mbali, kwa sababu usiku kulikuwa na kafyu na askari kila kona, na alfajiri Barabara ya Jogoo imejaa watu wanaokwenda kazini. Sanduku la namna hiyo lingeonekana na nusu ya Eastlands.

Kwa hiyo halikutoka Maringo.

Saa tatu alikuwa mlangoni kwa Mirriam, mwimbishaji wa kwaya, ambaye nyumba yake ilipakana ukuta na ya Maingi. Mama huyo alikuwa mnene, mwenye maneno, na hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Ngigi aliniletea majoho, ndiyo. Mkono wa mmoja ni mfupi, lakini ameleta. Gunia lake nililimwaga mwenyewe juu ya kitanda. Kama kulikuwa na mnyama mle, basi mimi ndiye nimemvaa. Mwachilieni huyo mtu, afande, bado kuna mikono ya kurekebisha."

"Jirani zako ni watu wa namna gani?"

"Akina Maingi? Watu wazuri, wa kanisa. Kugombana hakuna. Labda jana tu kidogo. Kanyiva alikuja kuniomba makaa. Nikamwambia, wewe, si Jumamosi niliona mkokoteni ukikuletea gunia zima? Akasema bwana yake amepoteza ufunguo wa kibanda cha makaa, hataki kufuli livunjwe, ati ni la bei. Na leo ameomba tena. Nimempa, jirani ni jirani, lakini kufuli gani hilo lisilovunjwa watu wakinywa chai ya stovu?"

Muturi alimshukuru. Hakwenda kwenye kibanda. Alitaka kwanza jambo moja lithibitishwe na mtu anayelijua, kwa sababu kumvunjia mwenyekiti kufuli kwa neno la jirani si upelelezi, ni uchokozi.

Daktari Lydiah alifika ukumbini saa tano, amevaa buti za mpira na amechelewa kwa sababu ya vizuizi vya barabarani. Alikuwa kijana kuliko Muturi alivyotarajia. Alipoambiwa yaliyotokea alikaa chini juu ya ngazi.

"Mnajua atalishwa nini na huyo aliyemchukua?" alisema. "Ndizi. Kila mtu anafikiri wanyama hawa ni wa kula ndizi. Tumbo la mbega ni kama la ng'ombe, limeumbwa kwa majani. Ndizi mbivu zinachacha ndani, anavimba."

Muturi alimpa bahasha. "Hii ni pamba?"

Lydiah alimimina zile nyuzi kiganjani, akazisugua kwa kidole. "Si pamba. Ni manyoya ya kitoto. Yamenyonyoka wakati mama akimlamba."

"Kwa nini ni meupe yote?"

Daktari alimweleza kwa maneno machache. Muturi alizirudisha nyuzi kwenye bahasha. Alijua sasa nani, na pia alijua wapi. Furaha ambayo mpelelezi huipata wakati huo haikuja, naye hakuingoja. Alimtuma konstebo aende Makadara amlete Ngigi, na mwingine aende amwite mwenyekiti.

Saa nane mchana walikutana ukumbini: Maingi, Ngui, Lydiah, Ngigi aliyekuwa na pingu, na Muturi aliyesimama. Viti vilipangwa kama vya mkutano wa chama. Maingi, kwa mazoea, alikaa mbele.

"Mwenyekiti," Muturi alisema, "nataka uyarudie maelezo yako Ngigi akiyasikia. Ndiyo haki yake."

Maingi alirudia. Dirisha, mswaki, gunia lililocheza. Hakupunguza wala kuongeza.

"Na kitoto kilikuwa na rangi gani?"

"Nimeshasema. Cheusi, na meupe mabegani. Kama mama yake."

"Daktari?"

Lydiah alimtazama Maingi, si kwa ukali. "Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe, Maingi. Mweupe wote, kichwa mpaka mkia. Huanza kugeuka rangi baada ya majuma kadhaa. Huyu nilimmulika kwa tochi Jumapili. Hana hata unywele mmoja mweusi."

Ngui alimgeukia daktari. Hata yeye hakujua, maana utotoni aliwaona juu ya miti mirefu tu.

"Hukuona kitoto kwenye gunia," Muturi alisema. "Ulimwona Ngigi akipita na majoho, hilo ni kweli. Kitoto ulikibuni. Ulisikia kwa mzee kwamba kimezaliwa, na hukuwahi kukiona, ukakichora kwa mfano wa mama yake. Mtu yeyote wa rika lako kutoka Kyamuthei angefanya kosa hilo. Mlizaliwa wameisha."

"Naweza kuwa nimekosea rangi, afande. Ilikuwa alfajiri."

"Ulisema kama unavyoniona mimi. Haya, tuache rangi. Sanduku liko wapi? Ngigi alikuwa na gunia. Sanduku la mbao lililiwa na nani?"

Maingi alinyoosha kola ya shati lake.

"Na ufunguo wa kibanda chako cha makaa ulipotea lini? Mkeo anaomba makaa kwa jirani, na una gunia zima limefungiwa nyuma ya nyumba."

Ngigi alicheka kwa kukohoa. Hakuna mwingine aliyecheka.

Maingi alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo, akauweka juu ya meza. Aliuweka taratibu, kisha akaunyoosha ukae sawa na ukingo wa meza, kama karani.

"Sikutaka afe," alisema. "Mniamini hilo. Nilitaka Jumatano ipite tu. Wafadhili wangeondoka, halafu ningemrudisha usiku mmoja nyuma ya ukumbi."

"Kwa nini?" Ngui aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza tangu wakae.

"Kwa sababu ya seng'enge, mzee. Mwezi wa Juni wafadhili waliniita peke yangu. Wakaniambia mbega wakifika tu, msitu wote unazungushiwa seng'enge, na wenye mashamba ndani yake wanahamishwa. Shamba la mama yangu liko ndani. Kaburi la baba liko ndani. Wale wajane wote wa upande wa juu wako ndani. Na mimi ndiye niliyekuwa nimezunguka kilima nikiwaapia kwamba hakuna atakayehamishwa. Mama yangu alinipa kuku siku hiyo, kunishukuru."

"Na sisi hukutuambia."

"Ningewaambia nini? Mlikuwa mmeshaanza kuimba. Wewe ulikuwa unalia kwa furaha kila ukikata majani. Nilisema nitazungumza nao kidogokidogo, watalegeza. Hawakulegeza. Kisha mambo ya Agosti yakaja, nikamshukuru Mungu kwamba lori limekwama. Mtu anashukuru kwa ajili ya kitu kama kile, fikiria. Halafu kibali kikatoka."

"Na mimi?" Ngigi aliuliza, akiinua pingu. "Mimi nina shamba gani huko kwenu?"

"Nilijua polisi watamkamata mzee Ngui, yeye ndiye mchungaji wao. Ni mtu wa nyumbani, sikuweza. Ulikuwa unapita na gunia." Maingi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nisamehe, fundi."

"Kusamehe ni kwa Jumapili," Ngigi alisema. "Leo ni Jumanne."

Muturi alimfungua pingu. Kisha akauliza swali moja, ambalo halikuwa na faida kwa kesi. "Ulimbeba usiku, ukamweka ndani, ukampelekea chakula. Hukufunua blanketi hata mara moja?"

"Nilisukuma ndizi chini ya blanketi kwa mkono. Sikuangalia, afande. Ningeangalia nisingeweza."

Walikwenda wote. Kibanda kilikuwa cha mabati, na jua lilikuwa limekipiga tangu asubuhi. Ngui ndiye aliyefungua kufuli. Sanduku lilikuwa nyuma ya gunia la makaa, na blanketi lake limejaa vumbi jeusi. Lydiah aliliondoa polepole.

Mbega mzazi alikuwa hai. Tumbo lake lilikuwa limevimba, na maganda ya ndizi yalikuwa yametawanyika kwenye nyasi. Kifuani alikuwa amemkumbatia mtoto wake. Mtoto alikuwa mweupe, na vumbi la makaa lilikuwa limemtia madoa. Mama alikuwa akimfuta kwa kidole, doa moja, akamaliza, akahamia lingine. Kichwa cha mtoto kililegea kila alipoguswa.

"Amekufa," Lydiah alisema. "Labda tangu jana." Aliingiza mkono, na mama akamvuta mtoto upande wa pili. Daktari akautoa mkono wake. "Tumwache naye. Hawawaachi upesi. Atamshusha mwenyewe akiwa tayari."

Muturi aliangalia kile kidole kikifanya kazi. Alitegemea kwamba sasa, angalau sasa, atalia. Hakulia, akaona aibu. Alichosikia ni wivu. Yule mama alikuwa anajua aliyefiwa naye, alikuwa naye mikononi, na hakuna aliyemwamrisha amfunge namba. Ulikuwa wivu wa kijinga, na ndicho kitu cha kwanza alichosikia kwa wiki tatu.

"Yeye ataishi?" Ngui aliuliza.

"Nikimpa dawa ya tumbo sasa hivi na majani jioni, ataishi."

"Na lori?"

Lydiah alisita. "Walisema kundi zima, tena linalozaa. Wote wanne wapo, na huyu ameonyesha kwamba anazaa. Litaondoka kesho."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Muturi alimtazama. Ngui alikuwa ameyasikia yote kuhusu seng'enge, alikuwa anawajua wajane wa upande wa juu kwa majina, pengine mmoja wao ni ndugu yake. Na bado hakusema lori lisiende. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji ya mbega, mgongo umepinda, haraka kama anayeogopa kuulizwa.

Maingi alikuwa amesogea hadi mlangoni mwa kibanda. Alisimama akiangalia ndani. Aliangalia muda mrefu, na hakuna aliyemzuia. "Kumbe," alisema, hakumaliza. Kanyiva, mkewe, alikuwa amesimama nje ya jikoni na sufuria tupu mkononi, akiuliza kuna nini.

"Twende, mwenyekiti," Muturi alisema.

Alimfunga zile pingu zilizotoka kwa Ngigi. Walipofika kwenye kona ya ukumbi walikutana na Ngui akirudi na ndoo. Watu hao wawili wa kilima kimoja walisimama, na kwa muda ilionekana kwamba mmoja wao angemtukana mwenzake. Maji yalitulia kwenye ndoo.

"Kesho nitakuwa kwenye lori," Ngui alisema. "Nitapita kwa mama yako kabla hatujapanda msituni. Nimwambie nini?"

Maingi alifikiri. Alikuwa mtu wa kupanga mambo, na hata sasa alionekana akipanga: miezi, mvua, urefu wa seng'enge.

"Mwambie avune mbaazi," alisema. "Hata mbichi."